Mapigo Ukutani

Jumatano, Novemba. Ukungu.

Tangu asubuhi ukungu haujatoka hapa Harborne, mtaa wetu wa Birmingham. Nyumba ya ng'ambo ya barabara imebaki mlango tu, na mlango wenyewe unakuja na kupotea. Saa kumi haijafika na nimeshawasha taa zote za chini. Mkamburi, binti yangu wa miaka tisa, amelala chali kwenye zulia la sebuleni anasoma. Nimemwambia asiinuke bila kuniita, na ametii. Huyu mtoto hatii kirahisi hivyo, kwa hiyo utii wake nao unanitia wasiwasi.

Naandika ili mikono ipate kazi.

Mnaonisoma kwenye blogu hii mmezoea habari zangu za kusomesha mtoto nyumbani: volkano ya magadi iliyoharibu meza, buibui waliotoroka chupani. Leo ni habari hiyo hiyo ya somo la sayansi, ila imepinda njiani, na mimi mwenyewe sijui itaishia wapi. Kesho ndiyo nitajua.

Nianze na mada. Kila muhula Mkamburi huchagua kitu kimoja, nami nakipangia vipindi. Hiyo ndiyo ahadi niliyompa nilipomtoa shuleni. Muhula huu nilipomuuliza, hakufikiri hata kidogo. "Sport," alisema. Michezo.

Nilijua siku hiyo ingekuja.

Watu wa kanisani huwa nawaambia nilimtoa kwa sababu madarasa yalijaa mno. Nikisema hivyo Baba Mkamburi huangalia viatu vyake. Ukweli ni kwamba nilimtoa kwa sababu ya kipindi cha michezo. Kila wiki niliandika kijibarua: leo kifua, leo mguu, leo tumbo. Mwalimu, mtu mwema tu, akachoka, akaomba barua ya daktari. Sasa daktari angeandika nini? Mtoto alikuwa mzima. Ndivyo tulivyoamini sote, mimi wa kwanza, na kazi yangu ni unesi.

Kwetu hatukimbii.

Natoka Wundanyi, kule milima ya Taita, na dada yangu mkubwa aliitwa Mkamburi pia. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyemshika kwa mbio. Siku ya michezo ya shule aliwaacha wenzake mbali, akakata utepe, akapiga hatua chache kama mtu anayetafuta pa kuketi, akalala. Alikimbia peku, na viatu vyake nilikuwa nimevishika mimi. Watu walisema mengi. Kwamba amefungwa kwa uchawi, kwamba kuna nyumba haikupenda tushinde. Mama hakubishana na mtu. Tuliporudi kutoka kuzika alisema neno moja tu, kwamba hapa kwake hakuna atakayekimbia tena.

Tukaacha. Mvua ikishuka majirani wanatimua mbio, sisi tunatembea na kulowa mpaka chupi, na wanatucheka. Watu wengine "haraka haraka haina baraka" kwao ni methali, kwetu ni sheria. Hata hapa Birmingham nimekosa mabasi nisiyoweza kuyahesabu. Dereva ananiona kwenye kioo, ananingoja akidhani nitakimbia, mimi natembea, anachoka, anaondoka. Wodini wenzangu husema natembea kama bibi harusi. Sijawahi kuwaeleza.

Nilipozaa msichana, mama aliomba jina. Nikampa, ningemnyimaje? Akipiga simu huuliza, "Mkamburi amekula?" na kuna siku, kwa sauti anayoitumia, sijui anamuuliza yupi.

Basi nikapanga sayansi ya michezo ya watu walioketi. Nilijivunia, msinicheke. Tuliangusha mipira mitatu juu ya zulia, vigae na nyasi, tukapima upi unaruka juu zaidi. Tulisoma gongo la kriketi kama wenzo. Tulitembea hadi Edgbaston, tukasimama nje ya uwanja wa kriketi uliofungwa kwa ajili ya baridi, tukachora njia ya mpira unaorushwa hewani. Tulijaza puto kwa pumzi moja ili kujua mapafu yanabeba kiasi gani. Moyo niliuacha wa mwisho. Nao niliutafutia dawa: nilipata mtandaoni majedwali ya mapigo ya watoto wengine, kabla ya mbio na baada ya mbio. Watoto wengine wakimbie, sisi tuchore grafu.

Mkamburi aliangalia zile namba kwa muda. "But they're not mine, Mummy," alisema. Si zangu.

Nilimwambia namba ni namba.

Hata hivyo nilitaka ajue mapigo ni nini, basi nikamfundisha kuyatafuta. Siku hiyo nilikuwa nakanda unga wa chapati, mikono yote miwili imezama, na siku zangu za mapumziko huwa napika na kufundisha kwa pamoja. Nikamwelekeza kwa mdomo. Bonyeza hapo kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba, tulia, utasikia kitu kinagonga. Alihangaika, akahangaika, kisha macho yakamtoka. "I've got it!" Nimeyapata! Nikamsifu, nikaendelea kukanda. Ninayajua haya kwa miaka mingi kiasi kwamba siyafikirii tena, na wodini mashine ndiyo inayopima.

Siku mbili baadaye nikaona kitone cha kwanza.

Nilikuwa nimemnunulia vibandiko vya mviringo pale High Street, vya kijani na vyekundu, vya kupamba kazi zake. Kimoja chekundu kilikuwa kwenye mlango wa friji, usawa wa kifua chake. Nikamuuliza ni cha nini. Akanieleza kwa uzito wa profesa: kijani maana yake kitu kina moyo. Nyekundu maana yake kina moyo, lakini moyo wenyewe unasimama, halafu unarudi.

"Friji ina mota, mama," nikamwambia. Nikacheka.

Kesho yake kulikuwa na chekundu kwenye ubao wa kushikilia ngazini. Kisha kwenye mlango wa bafu. Kisha vitatu ukutani, kimoja juu ya kingine, kama vile anafuata kitu kinachopanda. Vya kijani vilikuwa vichache, na kila siku vilizidi kuwa vichache. Hii ni nyumba ya zamani ya matofali, imebanana na za majirani pande zote mbili. Baba Mkamburi, ambaye hufanya kazi stesheni na huamini kila kitu kina fundi wake, alisema ni mabomba. "Hawa majirani wakifungua maji huku kwetu kunagonga, hujui?" Nikasema najua.

Lakini mabomba hayapiti kwenye mto wa kulalia. Nilipotandika kitanda cha Mkamburi, kitone chekundu kilikuwa kwenye mto.

Nikaanza kugusa kuta. Nasema hivyo na aibu naisikia. Mwanamke mzima, Mkristo, nesi, anapita kwenye nyumba yake mchana kweupe akibandika kiganja ukutani na kusikiliza. Sikusikia kitu. Nilipomwambia Mkamburi kwamba mimi sisikii chochote, aliniambia kwa utulivu kwamba huwa imelala. Lazima iamshwe kwanza. Nikamuuliza inaamshwa na nini. Akarudi kwenye kitabu chake.

Alhamisi iliyopita nilikuwa jikoni nakata sukuma nikasikia mtu anakimbia.

Ngazini, juu na chini, juu na chini, hatua nyepesi sana za miguu isiyo na viatu. Nadhani hamwezi kuelewa sauti hiyo inanifanya nini. Nyumbani kwangu haijawahi kusikika. Mtu wa mwisho kukimbia peku ninayemjua nilishika viatu vyake. Nilisimama na kisu mkononi, na sikuweza kuita kwa sababu jina ambalo ningeita ni la wote wawili. Sauti ikakoma. Nilipotoka, ngazi zilikuwa tupu. Mkamburi alikuwa sebuleni ameketi, kitabu magotini, amenipa mgongo.

"Umesikia?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa bila kugeuka.

Nikajiambia ni watoto wa jirani. Kisha nikainua macho. Picha ya dada yangu iko ukutani sebuleni, ile moja tu tuliyonayo, na sare ya shule, anakunja uso kwa sababu ya jua. Kwenye kona ya kioo chake kulikuwa na kitone chekundu.

Hapo ndipo nikampigia mama. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi wawili tuliumwa na nyoka mmoja. Nikamweleza: vitone, mto, hatua za ngazini, picha. Nilitegemea atapaza sauti, atamwita Mungu. Nikamsikia akivuta kiti, akiketi.

"Wawuda," alisema hatimaye. Hilo ndilo jina langu. "Huyo mtoto anasema kinagonga halafu kinanyamaza?"

"Ndiyo, mama."

"Halafu kinarudi?"

"Ndivyo anavyosema."

"Waite watu wa Mungu waombee hiyo nyumba," akasema. Akakata simu bila kuaga, na mama yangu hukaa kwenye kuaga kuliko kwenye mazungumzo yenyewe. Nikabaki na simu sikioni. Nilijua kuna kitu anakijua, nikaogopa kumpigia tena.

Ijumaa kulikuwa na ukungu kama huu wa leo. Nilitoka uani kuanua nguo ambazo hata hazikuwa zimekauka, nikarudi ndani kwa mlango wa jikoni, soksi miguuni, kimya. Nikamwona.

Alikuwa anashuka ngazi mbio. Mkamburi wangu, nywele zimefumuka, mashavu yanawaka, mikono imekunjwa vizuri kiunoni kama alivyokuwa akiikunja dada yangu. Hakuna aliyemfundisha. Alipofika chini akageuka, akapanda tena, akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye ile picha, akafumba macho na kubonyeza kioo. Alikuwa anapumua kwa kinywa. Alionekana mwenye furaha kupita siku zote nilizomwona, na mimi nilikuwa nimekumbatia mashuka mabichi.

Akafumbua macho, akaniona. Nilidhani atashtuka kwa kushikwa. Badala yake alininong'oneza, "Mummy, quick! It's awake." Njoo haraka, imeamka.

Nikaenda. Kwa kutembea.

Akanishika mkono, akachagua gumba langu, akalikandamiza ukutani kando ya fremu kwa nguvu zake zote. Akaweka lake kando ya langu. Tukasimama hivyo, mama na mtoto, magumba mawili kwenye ukuta mmoja, ukungu umejaa dirishani.

Na nikasikia.

Mungu ni shahidi wangu, ukuta ulikuwa unagonga. Dug, dug, dug, haraka haraka, chini ya kidole changu. Nilitaka kuutoa mkono nikashindwa.

"There," Mkamburi alinong'ona. "It stopped."

Lakini haikuwa imesimama. Mimi bado nilikuwa naisikia.

"And again. There."

Dug, dug, dug, chini ya kidole changu, bila pengo, kama cherehani.

"Imesimama wapi?" nikamuuliza. "Mimi naisikia tu."

Akaniangalia, kisha akakiangalia kidole changu, kwa huruma kidogo. "Oh," akasema. "Yours doesn't do it."

Yako haifanyi hivyo.

Sijui kwa nini ilinichukua muda. Kwenye chuo cha unesi, nyumbani, tulikuwa na mwalimu aliyepita kati yetu na rula, na kila aliyemshika mgonjwa kwa gumba alipigwa rula kwenye gumba. Gumba lina mapigo yake mwenyewe, alikuwa akisema. Ukimpima mtu kwa gumba unajipima wewe. Tumia vidole viwili, cha shahada na cha kati. Ni kitu cha kwanza kabisa tulichofundishwa, hata kabla ya kutandika kitanda. Nami, mikono ikiwa kwenye unga, sikumwonyesha mtoto, nikasahau kumwambia, na yeye tangu siku hiyo alikuwa akipima dunia nzima kwa gumba.

Friji haikuwa na moyo. Ukuta ni matofali tu. Alikimbia ngazini kwa siri nikiwa uani au jikoni, kwa sababu alitaka namba zake mwenyewe, kisha akabonyeza kila alichokutana nacho, na kila kitu kikagonga. Akipumzika, moyo wake ukitulia, kidole hakisikii, basi akasema nyumba imelala. Mwanasayansi mzuri kuliko mwalimu wake.

Nilicheka. Niliketi kwenye ngazi na mashuka yangu mabichi nikacheka mpaka machozi, naye akacheka kwa kuwa mimi nacheka. Hakuna aliyekuwemo humu ndani. Hakuna kilichotufuata kutoka Wundanyi.

Kisha kicheko kikaisha, nikaangalia vile vitone.

Kama mapigo ya ukutani ni yake, basi na kusimama ni kwake.

Vyote. Cha kwenye mlango wa bafu, vya ngazini, cha kwenye mto. Nilimvuta karibu, nikamwambia atulie tunacheza mchezo mwingine, nikaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake. Nimeshika mikono ya wagonjwa maelfu na sijawahi kuogopa mkono. Ulikuwa na joto na jasho kidogo. Ulipiga vizuri, ukapiga vizuri, nikaanza kumshukuru Mungu. Ndipo ukanyamaza. Si kwa muda mrefu. Wewe unayesoma ungepepesa jicho ukaukosa. Kisha likaja pigo moja zito, kama mtu aliyeteleza ngazini akajishika, na safari ikaendelea. Nikaendelea kushika, nikasikia tena.

"Is it doing it?" aliniuliza. Unafanya vile?

Nikamwambia ndiyo. Sikutaka kumdanganya mtoto ambaye amefanya utafiti wake vizuri hivyo.

Daktari alituona Jumatatu. Walimbandika nyaya kifuani akiwa amelala, mashine ikaandika mistari yake, na mistari ilikuwa safi. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya pole, alisema mioyo ya watoto wengi huruka pigo moja moja na haimaanishi kitu. Huenda hata huyu ni hivyo. Nilitamani kusimama niende zangu na maneno hayo. Lakini nikamweleza habari za dada yangu, na utepe, na zile hatua chache. Akaweka kalamu chini.

Akaniambia lazima waone moyo huo ukiwa kazini. Akiwa anakimbia.

Nilimuuliza kama hakuna namna ya kumpima akiwa ameketi. Nilimuuliza mara mbili, kwa maneno tofauti, kama mgonjwa mkaidi. Alinisubiri nimalize, akasema hapana, hakuna.

Kipimo ni kesho asubuhi. Jana mama mmoja wa hospitalini alinipigia kunieleza: watambandika waya, atapanda kwenye mashine ya kukimbilia, itaanza polepole kisha watazidisha. Daktari atakuwepo chumbani muda wote. Akasema mzazi husimama mbele ya mashine, kwa sababu mtoto hukimbia vizuri akiwa na uso wa kukimbilia. Kazi yangu, alisema kwa uchangamfu, ni kumshangilia tu.

Jioni ya jana nikampigia mama. Nikamweleza yote, la gumba pia, nikidhani atafurahi kwamba nyumba haina kitu.

"Mkamburi alikuwa akisema kitanda kinagonga," alisema.

Nikaketi.

"Akitoka kucheza akijilaza. Mama, kitanda kinagonga. Halafu kinanyamaza, halafu kinagonga tena. Nilimwita mchungaji akakiombea. Haikusaidia. Nikakigawa." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nikagawa kitanda, Wawuda. Nilidhani ni kitanda."

Nilikuwa nalala kwenye kitanda hicho. Nakumbuka tulivyohamia sakafuni, mimi na dada, tukafurahi kama sikukuu, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Mama alilia, nami nikalia, kila mtu upande wake wa simu. Alipotulia aliuliza swali lake la kila siku, kama Mkamburi amekula. Safari hii nilijua anamuuliza yupi.

Sikumwambia kuhusu mashine ya kukimbilia. Kisha nikamwambia. Nilijiandaa kwa ile sheria yake, nikangoja anikataze, na nadhani nilitaka anikataze. Akasema tu, "Simama mahali atakapokuona."

Leo tumeenda High Street kununua viatu vya michezo. Vya kwanza katika ukoo wetu, naweza kusema hivyo bila kutia chumvi. Mkamburi alichagua vyenye mistari ya machungwa. Dukani aliruka ruka papo hapo kuvijaribu, nikamshika bega, akanitazama. Ni mtoto mwerevu. Anajua kesho si mchezo, na bado ana furaha, kwa sababu katika maisha yake yote ndiyo siku ya kwanza atakayoruhusiwa. Njia nzima alibeba boksi mwenyewe. Nilitaka kumsaidia kulibeba, nikaacha. Sitaki kushika viatu vya mtu.

Vitone sijavibandua. Baba Mkamburi alianza jana na cha kwenye friji nikamzuia, na yeye, mtu wa mafundi na mabomba, aliniachia akaenda kukaa kwenye ngazi peke yake kwa muda. Ukungu ukiwa hivi, taa zikiwaka mapema hivi, vinaonekana kila mahali ninapogeuka. Mchana, Mkamburi aliposinzia kidogo, nilienda kwenye ile picha nikaweka gumba langu kwenye kioo. Nikasikia mapigo. Najua ni ya nani, sihitaji rula. Nililiacha gumba pale hata hivyo, muda mrefu kidogo.

Sasa niko jikoni na maji ya chai yanachemka. Nimekuwa nikijaribu kitu, na naona haya kukiandika. Kuna neno moja nitatakiwa kulisema kesho mbele ya mtoto wangu, kwa sauti, tena na tena, huku nikitabasamu. Tangu niwe mzazi sijawahi kulitamka. Nimelijaribu kwa birika. Mara ya kwanza lilitoka kama pumzi tu. Mara ya pili lilitoka.

"Kimbia."

Zulia la sebuleni likakwaruza. Kisha sauti yake, tayari imeinuka, tayari iko mlangoni:

"Now, Mummy?"

"Bado, mama," nikamwambia. "Kesho. Nitakuwa mbele yako."